Kuandika Upya Visakale vya Nyanda za Juu Kusini katika Riwaya ya Kifantasia Yenye Shujaa wa Kike: Mwongozo Kamili

Kosa linaloharibu riwaya nyingi za aina hii hufanyika kabla sura ya kwanza haijaandikwa. Mwandishi humchukua shujaa wa kiume wa kisakale, yaani simulizi la jadi kuhusu watu na matukio ya kale ya jamii, humpa jina la kike, humwachia mkuki uleule na maneno yaleyale, kisha huamini kwamba kazi imekwisha. Msomaji wa Iringa au Tukuyu hatadanganyika, kwa sababu anamjua shujaa wa awali na anaona wazi kwamba huyu wa pili ni yuleyule aliyebadilishiwa mavazi. Mwongozo huu unafuata njia nyingine, ambayo ni kutafuta ndani ya kisakale chenyewe mahali ambapo masimulizi yanamhitaji mwanamke lakini yanampita bila kumtazama, na kumjenga shujaa kutokana na kazi, miiko na mamlaka ambayo wanawake wa jamii ile walikuwa nayo kweli.

Hatua ya kwanza: chagua kisakale kimoja

Anayeanza hutamani kuchanganya Wahehe, Wanyakyusa, Wafipa na Wangoni katika ufalme mmoja wa kubuni. Mchanganyiko huo hupendeza kwenye ramani ya kurasa za mwanzo, lakini hudhoofisha kila kitu kinachofuata, kwa kuwa mila za urithi, ndoa na maziko hazifanani kutoka Kalenga hadi Matema, na riwaya hupata nguvu yake kutoka katika mila hizo. Chagua kisakale kimoja, ukae nacho.

Ninavyoona, kilicho tayari zaidi kuandikwa upya ni kile cha Milansi, huko Ufipa. Katika toleo lake linalojulikana zaidi, mtawala wa Milansi anakwenda mawindoni na kumwachia mkewe onyo kwamba watakuja wageni, na kwamba asikubali kwa vyovyote wakikalie kigoda chake. Wageni wanafika, nao ni wanawake. Wanaomba kigoda, mke anashindwa kuwakatalia, wanaketi, na mtawala anaporudi anakuta nchi imekwisha kuondoka mikononi mwake, isipokuwa Milansi yenyewe. Kisakale hiki kinaeleza asili ya utawala mzima, na uamuzi wote mkubwa ndani yake unafanywa na wanawake, ilhali anayehesabiwa kuwa mhusika mkuu ni mwanamume ambaye hakuwepo nyumbani.

Unyakyusa unatoa nyenzo za aina nyingine. Lwembe wa Lubaga alikuwa mtawala mtakatifu aliyeaminiwa kubeba mvua na rutuba ya nchi katika mwili wake. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa miaka ya 1930, waliandika kwamba hakuachwa afe kwa maradhi, bali pumzi yake ilizibwa ili uhai wa nchi usipotee pamoja naye, na kwamba wanaume wa ukoo walikuwa wakiogopa kuteuliwa kushika cheo hicho. Hapo pana riwaya nzima, nami nitairudia.

Uhehe una mvuto mkubwa zaidi na hatari kubwa zaidi. Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, si mtu wa ngano; tarehe zake zinajulikana. Vita vya Lugalo vilipiganwa tarehe 17 Agosti 1891, kamanda wa Wajerumani, Emil von Zelewski, akauawa humo. Ngome ya Kalenga ilianguka mwishoni mwa Oktoba 1894. Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898. Na fuvu lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga. Anayeandika fantasia juu ya mambo haya anaandika juu ya mababu wa watu wanaoishi jirani naye. Kama hii ni riwaya yako ya kwanza, ningekushauri uanze na zama za kale zaidi, ambako tarehe hazikubani.

Hatua ya pili: kusanya matoleo, hasa yale ya wanawake

Usiridhike na toleo lililochapishwa. Vitabu vingi vya zamani viliandikwa na watafiti na wamisionari waliokaa zaidi na wazee wa kiume, na mzee wa kiume husimulia ukoo, mipaka na vita. Bibi aliyelea wajukuu husimulia kisa hichohicho kwa kuanzia jikoni, na mara nyingi ndiye anayejua nani alipika, nani aliona kwanza, nani alinyamaza.

Nenda wakati wa kiangazi baada ya mavuno, kuanzia Julai, watu wanapokuwa na nafasi, ukikumbuka kwamba Makete na Njombe miezi hiyo ni baridi kali na mazungumzo hufanyika karibu na moto. Pitia kwanza kwa mwenyeji anayefahamika na familia hiyo, usitokee tu mlangoni na daftari. Sukari na sabuni ni zawadi ya kutosha. Pesa zikitajwa mapema hugeuza simulizi kuwa biashara. Salimia kwa lugha ya mahali hapo, hata kama unajua maneno mawili tu: "kamwene" ya Iringa na Njombe, "ugonile" ya Rungwe na Kyela. Omba ruhusa kabla ya kurekodi kwa simu, na ukinyimwa, weka simu mfukoni bila kubembeleza.

Swali la kwanza lisiwe "nisimulie habari za mashujaa," kwa sababu utapewa hotuba ya sherehe. Mwache asimulie anavyotaka mpaka mwisho bila kumkatiza, ndipo urudi nyuma kwa maswali madogomadogo: mama yake shujaa alikuwa wapi siku hiyo? Maji ya kunawa yaliletwa na nani? Dada zake waliolewa wapi? Alipokufa, nani aliosha maiti? Majibu ya maswali haya ndiyo mtaji wako. Akijibu kwamba hilo halisemwi, liandike pia, kwa maana mahali penye mwiko ndipo panapokaa nguvu ya hadithi. Ila tofautisha mwiko unaoweza kuutumia kama kitendawili na siri ya ukoo uliyoambiwa kwa kuaminiwa. Ya pili haiingii kitabuni.

Ukishapata matoleo matatu au manne, yapange kwenye karatasi moja, kila tukio kwenye mstari wake, na uone yanapokubaliana na yanapoachana. Mahali yanapoachana una uhuru wa mwandishi. Mahali yanapokubaliana yote, fikiri mara mbili kabla hujabadilisha.

Hatua ya tatu: tafuta pengo, na umweke mwanamke hapo

Ziko njia tatu za kumpata shujaa wa kike, nazo hazilingani kwa thamani. Ya kwanza ni kumchukua mwanamke aliyetajwa kidogo na kumpa masimulizi yote. Ndivyo alivyofanya Madeline Miller wa Marekani katika riwaya yake Circe ya mwaka 2018, ambamo mchawi wa kisiwani, aliyekuwa kituo kimoja tu cha safari ya Odiseo katika utenzi wa Kigiriki, anasimulia maisha yake mwenyewe tangu kuzaliwa. Kwa Milansi, huyo ni mke aliyeachiwa kigoda. Jiulize kwa nini alikitoa. Masimulizi yanaelekea kumwona dhaifu, lakini mwandishi anaweza kumpa sababu: pengine aliwatambua wageni, pengine alikuwa ameona namna mumewe alivyotawala, au alijua jambo juu ya kigoda hicho ambalo mumewe hakulijua. Tukio halibadiliki hata kidogo, kigoda kinatolewa vilevile, lakini maana yake inageuka.

Ya pili ni kumbuni mwanamke anayeingia katika nafasi ambayo kisakale kimeiacha wazi. Rudi kwa Lwembe. Ikiwa wanaume wa ukoo walikuwa wakiuogopa uteuzi, basi nyuma ya kila aliyetoroka kulikuwa na dada, mama au mke aliyebaki nyumbani siku makuhani walipokuja kubisha hodi. Dada huyo ana damu ileile ya ukoo, na mvua haijanyesha. Je, makuhani watakubali? Nchi itamtambua? Na akikubaliwa, anajua namna atakavyokufa. Huhitaji kumtafutia adui kutoka mbali.

Ya tatu, kumgeuza shujaa wa kiume kuwa wa kike moja kwa moja, ndiyo dhaifu kuliko zote, na inafaa tu pale ambapo mabadiliko hayo yanazaa matatizo mapya katika kila sura. Yasipozaa matatizo, rudi kwenye zile mbili.

Anayedhani kwamba shujaa wa kike ni jambo la kupandikizwa kutoka nje amkumbuke Mkomanile, nduna (kiongozi wa chini ya mtawala mkuu) wa Kingoni, aliyenyongwa na Wajerumani huko Songea mwaka 1906 pamoja na viongozi wengine wa Majimaji. Sipendekezi umfanye mhusika wa fantasia. Kifo chake kiko karibu mno na kaburi lake lina wenyewe. Hata hivyo, kuwepo kwake kunatosha kukuondolea hofu ya kuulizwa kama mwanamke angeweza kuongoza.

Hatua ya nne: mjenge shujaa kwa wajibu wake kabla ya ujasiri wake

Ujasiri peke yake haumtofautishi mtu. Mwandikie kwanza shujaa wako mambo anayowajibika kuyafanya kila siku, watu anaowaheshimu kwa lazima, vitu asivyoruhusiwa kuvigusa, na deni analodaiwa. Kila mwiko uliopo katika jamii ni mlango wa tukio.

Chukua mfano wa Wanyakyusa, ambao kwa mila ya zamani mke hakuruhusiwa kabisa kumtazama baba mkwe wake wala kukutana naye njiani. Alitakiwa kujificha au kupisha. Mwandishi mvivu ataandika, "Alikuwa jasiri kuliko wanaume wote wa kijiji." Aliyeufikiria mwiko huo ataandika hivi:

"Aliposikia kikohozi cha mkwewe nyuma ya migomba, aliweka mtungi chini, akageuka, akainama akiutazama mfereji mpaka vishindo vya miguu vikafifia. Habari ya wavamizi ilikuwa bado mdomoni mwake, na mtu pekee mwenye mamlaka ya kuamuru ngoma ipigwe alikuwa amekwisha kumpita."

Hapo hakuna neno "jasiri," na msomaji tayari anataka kujua atafanyaje. Atamtuma mtoto? Ataimba ujumbe huo akiwa amegeuka, ili usikike kana kwamba hakumwambia mtu? Atauvunja mwiko na kulipa fidia yake? Kila jibu linafungua riwaya tofauti, na hakuna hata moja ambalo shujaa wa kiume angeweza kulihitaji. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba jinsia ya shujaa iwe injini ya matukio.

Mpe pia uhusiano na wanawake wengine ambao si wapinzani wake. Riwaya nyingi zenye shujaa wa kike humzungusha katikati ya wanaume watupu, mmoja wa kumfundisha, mmoja wa kumpenda na mmoja wa kumpinga, hata inakuwa kana kwamba kijiji kizima hakina shangazi.

Hatua ya tano: tunga nguvu za ajabu zenye bei

Fantasia inayotokana na visakale vyetu haihitaji fimbo zinazotoa moto. Mvua, dawa, ndoto, mizimu ya ukoo na chuma vinatosha, na vina faida moja kubwa, kwamba tayari vina masharti. Sheria ya kufuata ni rahisi: kila nguvu iwe na chanzo, mwiko na gharama, na gharama hiyo alipe shujaa mwenyewe mbele ya macho ya msomaji.

Chuma kinastahili kuangaliwa kwa makini. Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri ya udongo marefu kuliko kimo cha mtu, na kazi hiyo iliandamana na dawa, nyimbo na miiko. Tanuri jipya lilipambwa kama bibi arusi, na waliolihudumia walitakiwa kujitenga na wake zao mpaka chuma kitoke. Wanawake wa umri wa kuzaa hawakuruhusiwa kulikaribia. Tazama ukinzani uliomo: chombo kinachozaa chuma kinatendewa kama mwanamke, na mwanamke mwenyewe anafukuzwa. Binti wa mhunzi aliyekua akiusikia wimbo wa tanuri kutoka mbali, akijua kwamba akilisogelea chuma kitaharibika, ana nguvu ya kuogopwa na nchi nzima kabla hajajifunza jambo lolote. Anaweza kuharibu silaha za jeshi zima kwa kutembea usiku. Swali la riwaya ni kama anaweza pia kuunda.

Kimondo cha Mbozi nacho kinavutia hapa: bonge la chuma na nikeli lenye urefu wa takriban mita 3 na uzito unaokadiriwa kufikia tani 16, lililokaa kwa karne nyingi kabla wataalamu wa nje hawajalitambua mwaka 1930. Ukilitumia, usilifanye upanga wa miujiza, maana kila mtu atalifikiria hilo kwanza. Nafasi nzuri zaidi ni kulifanya shahidi, kitu kilichoanguka siku fulani ambayo watu waliamua kutoizungumzia.

Hatua ya sita: ardhi na majira viwe sahihi

Wasomaji wa mikoa hii watakusamehe joka, lakini hawatakusamehe msitu wa kupandwa wa misonobari wa Sao Hill, huko Mufindi, katika hadithi ya karne ya 18. Misonobari, mikaratusi, chai na pareto vililetwa wakati wa ukoloni na baadaye. Viazi mviringo navyo ni vya juzi. Mlo wa shujaa wako wa zamani uwe ulezi, mtama, kunde, na kwa Rungwe ndizi. Mianzi ya ulanzi unaweza kuitumia bila wasiwasi, na pombe yake ni nzuri kwa tukio la mtu kutoa siri asiyotaka kuitoa.

Panga safari za shujaa kwa miguu na kwa kalenda. Mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, na Rungwe hunyesha hata Mei. Mito ya mlimani haivukiki hovyo miezi hiyo, na Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira, ambalo ni mwamba wa asili, linaweza kuwa njia pekee ya jeshi zima. Juni na Julai kuna sakitu katika uwanda wa Kitulo, ambao maua yake, yaliyoufanya uitwe Bustani ya Mungu na kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, huchanua msimu wa mvua. Shujaa anayevuka Kitulo mwezi Julai akiwa katikati ya maua ametungwa na mtu asiyefika huko.

Nenda ukayaone mahali utakapoyaandika, na uandike ukiwa hapohapo. Ziwa Ngosi lililo ndani ya kreta ya milima ya Poroto linafikiwa kwa kupanda msituni, na halionekani kabisa mpaka ufike ukingoni. Hiyo ndiyo habari inayomfaa mwandishi: mtu anaweza kulindwa au kunaswa na ziwa ambalo hakujua kama lipo. Nguzo za Isimila, karibu na Iringa, zinafaa kwa jambo jingine, kwa kuwa mtu akisimama kati yake huona mbingu kwa vipande tu.

Hatua ya saba: lugha

Simulia kwa Kiswahili sanifu, na uingize maneno ya lugha ya mahali pale tu ambapo Kiswahili hakina cheo au kitu hicho, kama mtwa kwa Wahehe au malafyale kwa Wanyakyusa, vyote vikiwa vyeo vya watawala. Yaeleze kwa mazingira ya sentensi, usiweke faharasa ya kurasa sita. Mazungumzo yafuate heshima: binti hamwiti mzee jina lake, mke haanzi shauri mbele ya wageni, na anayetaka kukataa hukataa kwa kuzunguka. Shujaa wa kike anayemkatiza mtawala hadharani kwa sentensi fupi za filamu hufurahisha ukurasa mmoja, kisha huacha kuaminika. Mpe methali, kimya na wimbo. Silaha hizo zilitumika mbele ya watawala na hazikumfikisha msemaji kwenye kesi.

Hatua ya nane: andika, kisha ujaribu kwa masikio

Anza na tukio ambalo kisakale kinalificha, si na asili ya ulimwengu. Rasimu ya kwanza iandike mfululizo bila kusahihisha. Ya pili ikague nguvu za ajabu na gharama zake. Ya tatu ikague majira, vyakula na vyeo. Baada ya hapo soma sura mbili au tatu kwa sauti mbele ya mmoja wa waliokusimulia. Atakapocheka mahali ambapo hukukusudia kuchekesha, hapo pana kosa la mila, nawe muulize palepale.

Hatua ya tisa: haki na uchapishaji

Kisakale ni cha jamii, sentensi zako ni zako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inalinda maandishi yako tangu unapoyaandika, na inazihusu pia sanaa za jadi, kwa hiyo ukinukuu wimbo au simulizi neno kwa neno, waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla ya kuchapa. Usajili wa mswada huko hukupa ushahidi pindi mgogoro ukitokea. Namba ya ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kwenye kurasa za mwanzo eleza kisakale ulichokitumia ni cha watu gani, na kipi umekibuni, hasa ukiwa umegusa ukoo wa watawala.

Kabla ya kulipia uchapaji kwa fedha yako, jaribu tuzo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ina kipengele cha riwaya, na Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea pia miswada ambayo haijachapishwa. Soma masharti ya mwaka husika kwanza, ndipo upange urefu wa mswada, ukubwa wa herufi na muhtasari wako kwa kuyafuata. Na katika muhtasari huo mtaje shujaa wako kwa jina na kwa shida yake katika sentensi ya kwanza, badala ya kuanza na historia ya kabila.